Onelia Anastaafu Pamoja na Chavito

Camagüey nzima, hapa Kuba, hakuna anayejua mambo ya pesa kunishinda mimi, Yosvel, mlinzi wa mlango wa ofisi yetu ya kubadilishia fedha. Mawaziri wangeniuliza mapema, wangelala usingizi mzuri. Ndiyo maana nimepewa mimi kuandika maneno ya kumuaga shangazi yetu wa ofisini, Onelia Varona, anayestaafu leo, tarehe 30 Juni 2021, baada ya miaka ishirini na saba dirishani.

Aliajiriwa mwaka zilipotoka noti za chavito, ile pesa yetu ya pili iliyohesabiwa sawa na dola, na leo, siku ya mwisho ya kuzibadilisha, wanaondoka pamoja. Miaka yote hiyo mshahara wetu ulikuwa peso ya taifa, lakini sabuni na mafuta ya kupikia ni chavito, na chavito moja ilikula peso ishirini na nne. Katikati ya pesa hizo mbili alikaa Onelia na kitambaa chake cha jasho.

Siku moja mzee Evaristo alinunua karanga za peso moja, akatoa chavito bila kuangalia. Onelia akaona kupitia kioo. Alifunga dirisha, akamkimbiza muuzaji mpaka uwanjani, viatu mkononi. "Wee! Unamuuzia mzee karanga za dhahabu?" Jamaa akarudisha noti, na kwa woga akaacha kapu zima. Foleni yote ikatafuna.

Kila asubuhi alinigawia kahawa yake. "Kunywa, mwanangu, angalau mdomo upumzike."

Naye alikuwa na lake. Alijiwekea chavito kwenye kopo la biskuti, anunue jokofu, maana insulini ya mumewe Fermín inalala kwenye jokofu la jirani, ghorofa ya nne. Mwaka juzi, uvumi ulipoanza kwamba chavito inakufa, jokofu lilikuwa bado dukani na pesa zilitosha. Hakununua.

Leo amevua beji, akaja na kopo lake mlangoni kwangu, akauliza kama raia yeyote anayeshika foleni: "Wa mwisho nani?" Ametoka na peso za taifa. Majokofu siku hizi ni kwa dola tu.

Asante, shangazi. Tunakuombea wewe na mzee Fermín afya na siku za utulivu.

Wenzetu wamekuuliza mara nyingi kwa nini hukununua mapema, nawe huwa unanimiminia kahawa tu. Ni mimi niliyekwambia: "Subiri, shangazi, watakupa dola moja kwa chavito moja, utachukua jokofu la milango miwili." Nilikuwa sijui kitu.