Dirisha Jeusi Lililonirudisha Kazini

Ndugu zangu, kabla sijaanza, mtu aniambie kama nimewageukia ninyi au nimeugeukia ukuta. Asante, mama. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi mliowaleta ndugu zenu wenye shida ya macho, nashukuru mmekuja. Nimeombwa niseme habari zangu, nami nitazisema zote, hata zile zisizonipendeza. Majina ya watu sitayataja, maana wengine ni majirani zenu.

Nilikuwa na duka la kuchapa pale Majengo, Moshi mjini. Chumba kimoja cha kupanga, kompyuta moja, printa, na mashine ya kutolea kopi. Nilichapa barua za kuomba kazi, nikaskani vyeti, nikawatumia wanafunzi maombi ya vyuo. Watu walinipenda kwa wepesi wangu. Niliweza kuchapa huku napiga soga na mteja, kibodi siiangalii kabisa.

Macho yalianza kutoona pembeni. Nikawa nagonga mlango kwa bega, namwaga chai iliyowekwa kando yangu. Hospitali wakasema ni presha ya macho, wakanipa dawa ya matone na kunisisitiza nisiache hata siku moja. Nawaambia ukweli, niliacha. Nilikuwa natia nikikumbuka, na sikumwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Kwenye kompyuta nikakuza maandishi, nikakuza tena, mpaka herufi moja ikawa kubwa kama kidole gumba. Mteja akiuliza, namwambia skrini inasumbua.

Siku moja akaja binti aliyemaliza kidato cha sita. Alikuwa anaomba chuo, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kupokea maombi. Nikaskani vyeti vyake, nikatuma, nikamwambia tayari. Kumbe nimetuma vyeti vya mtu mwingine aliyekuja asubuhi. Majina ya faili sikuweza kuyasoma vizuri, nikabahatisha.

Chuo kilimkataa. Alirudi dukani na baba yake, mzee mpole, hakupandisha sauti. Alisimama mbele ya meza yangu, akaniuliza, "Mama, kwani huoni?"

Nikamjibu, "Naona."

Jibu lile ndilo lililonifungia duka, si macho. Wiki ile ile nilirudisha funguo kwa mwenye nyumba, nikapanda mlimani kwa mama yangu, kule Machame.

Huko nilikaa mwaka na zaidi. Jicho la kushoto likaisha, la kulia likabaki na mwanga tu. Mama, na umri wake ule, alikuwa anakata majani ya ng'ombe, anahudumia kahawa na migomba kwenye kihamba chetu, shamba letu la ukoo, anapika. Mimi kazi yangu ilikuwa kumenya ndizi za kupika machalari, basi. Wageni wakija kunisalimia nilijifanya nimelala. Mama aliwaambia nimelala, akijua kabisa kwamba siko usingizini. Sijawahi kumuuliza ilimuumiza kiasi gani.

Mama huyo alisikia kwa wanawake wenzake wa kanisani kwamba kuna mwalimu kule Mkuu, Rombo, haoni tangu utoto, na anafanya kazi zake zote kwa kompyuta. Hakuniambia kitu. Alipanda gari asubuhi, akamtafuta mpaka akampata. Jumamosi iliyofuata nikiwa na beseni langu la ndizi, nikasikia fimbo inagusagusa mawe uani. Mwalimu akaingia, akatafuta kigoda, akakaa. Hakunipa pole. Aliuliza swali moja.

"Dada, dukani ulikuwa unachapa kwa macho au kwa vidole?"

Nikasema kwa vidole.

"Vidole vimeugua?"

Nikasema hapana.

"Basi likizo ikianza uje kwangu."

Nilihamia kwake likizo nzima. Ndugu zangu, nimekutana na watu wenye akili, lakini yule mwanamke ni wa peke yake. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Mwenyewe aliiharakisha mpaka mimi nikawa nasikia kama mahindi yanayomwagwa kwenye debe. Yeye alielewa kila neno, huku akinieleza mimi jambo jingine.

Somo la kwanza alinyoosha mkono akaondoa kipanya mezani. Alisema kipanya ni cha watu wanaolenga kwa macho. Kisha akafungua kile watu wanachokiita dirisha jeusi, ambalo kwangu mimi lingeweza kuwa na rangi yoyote. Mle hakuna picha wala vitufe vya kutafuta. Unaandika amri kwa maneno, unabonyeza Enter, kompyuta inajibu kwa maneno, na sauti inakusomea jibu. Ni mazungumzo tu. Na ukiziandika amri zako kwa mpangilio ndani ya faili moja, hiyo inaitwa skripti. Siku nyingine unaita jina lake, inafanya kazi yote yenyewe, kwa mpangilio ule ule.

Wanafunzi wake walikuwa wanamletea kazi zao kwenye flashi, kila mmoja ameipa faili jina alilotaka. Yeye alichomeka flashi, akaandika neno moja, na kabla sijakaa vizuri kazi zote zilikuwa zimegawanywa kwenye folda za madarasa yao. Nilimuuliza alijifunza wapi. Alisema alijifunza kwa kukosea, tena mara nyingi.

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu. Ilihamisha faili kutoka kwenye flashi, ikaziweka kwenye folda ya siku ile, ikasema ni ngapi. Nilikosea nukta, nikakosea nafasi, nikaandika tena na tena karibu asubuhi nzima. Mwisho nikasikia ile sauti ya kompyuta inasema faili kumi na mbili zimehamishwa. Nililia machozi. Mwalimu aliniacha nilie, halafu akanifundisha sharti lake, akanifanya nilirudie kwa mdomo: skripti isiguse kitu kabla ya kukusomea inachotaka kufanya, na kazi ya mtu uifanyie kwenye nakala.

Niliporudi Machame, ofisi ya usharika wetu ilikuwa na mzigo. Vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa vilikuwa vinaliwa na wadudu, na sekretari alikuwa amevipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Lakini kamera ilizipa picha namba tu. Alikuwa anafungua picha moja moja, anasoma mwaka, anaandika jina jipya. Wiki zimepita na hajamaliza kitabu cha kwanza. Mama akamwambia mchungaji kwamba binti yake anaweza. Nilisikia aibu, lakini nilikwenda.

Tulikaa sekretari na mimi. Yeye alinisomea kila mwaka unaanzia picha namba ngapi, mimi nikachapa orodha. Wepesi wangu wa Majengo ulikuwepo bado. Kisha nikaandika skripti ya kusoma orodha ile na kuzipa picha majina, mwaka na ukurasa. Nikaomba inisomee kwanza inachotaka kufanya. Nikasikiliza mistari kumi ya mwanzo, nikaridhika, nikairuhusu.

Ilipomaliza nikaiambia ihesabu picha. Zilikuwa pungufu. Nikahesabu tena, pungufu vile vile. Vitabu viwili vilikuwa na kurasa za mwaka mmoja zenye namba zinazofanana, na kwa sababu majina yaligongana, za kitabu cha pili zilizikalia za kitabu cha kwanza, zikazifuta.

Sekretari alikuwa ametoka kuchemsha chai. Hakuna aliyejua. Nikamkumbuka yule mzee mpole. Nakala nilikuwa nayo, kwa hiyo hakuna kilichopotea kweli. Ningeweza kurekebisha kimyakimya na kusema tayari. Nilikaa pale mkono ukiwa juu ya kibodi. Kisha nikainuka, nikapapasa ukuta mpaka mlango wa mchungaji.

"Mchungaji, nimekosea. Skripti yangu imefuta kurasa za kitabu cha kwanza."

Akauliza, "Zinarudi?"

"Zinarudi, nina nakala. Ila nilitaka ujue, na ujue pia kwamba mimi sioni kabisa. Watu wanakwambia naona kidogo. Sioni."

Akasema, "Nimekusikia. Rudisha, halafu tunywe chai."

Pale mlangoni ndipo nilipopona, ndugu zangu. Kurekebisha kwenyewe kulikuwa kudogo. Niliongeza namba ya kitabu kwenye kila jina, na mstari mmoja unaoikataza skripti kuandika juu ya faili iliyopo. Kazi iliyomchukua sekretari wiki nyingi iliisha chai ikiwa bado ya moto. Akaniomba nirudie hesabu ili asikie mwenyewe. Zilikuwa kamili.

Tangu siku ile naenda ofisini siku tatu kila wiki. Mwezi uliopita alikuja babu mmoja kutafuta ukurasa wa ndoa ya wazazi wake. Niliandika mwaka, kompyuta ikanitajia kurasa, sekretari akaufungua na kumsomea. Alitaka asomewe mara tatu.

Yule binti wa vyeti nilimpigia simu. Nilimwambia ukweli, kwamba sikuwa naona na nilimdanganya baba yake. Alinijibu kwamba alipata chuo mwaka uliofuata, na kwamba alinichukia sana. Akasema amenisikia. Kama alinisamehe sijui, na sikumlazimisha aseme.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, yupo hapa mbele, aliyepanda gari kwenda Rombo kumtafuta mtu asiyemjua. Nawashukuru sekretari na mchungaji. Na mwalimu wangu hakuweza kuja leo, ana wanafunzi, lakini nataka mjue kwamba kila mstari ninaouandika nimeupata kwake.

Nililojifunza ni hili. Kuandika skripti kulinichukua likizo moja. Kusema sioni kulinichukua miaka. Kama yupo hapa anayekuza herufi na kuwaambia watu skrini inasumbua, asingoje mpaka aharibu kazi ya mtu. Amwambie aliyekaa pembeni yake leo, kabla hatujatoka. Akiona ni vigumu, aje aniambie mimi. Nitakaa naye.