Maswali Manne ya Mama Jovita

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Jovita Dusabe atafunga kabati la bandeji kwa mara ya mwisho. Ametimiza miaka thelathini na mmoja ya uuguzi katika kituo chetu cha afya, hapa kwenye barabara ya Minago.

Alianza chumba cha sindano, akapita wodi ya wazazi, kisha akatulia kwenye chumba cha vidonda na viungo. Hufika kabla ya mlinzi. Chai yake hatujaona akiimaliza hata siku moja.

Kosa lake kubwa humsimulia mwenyewe kila muuguzi mgeni. Katika mwaka wake wa pili, Ibrahim, mkata ngazi, ile mikungu ya michikichi, huko Kizuka, aliruka kutoka mtini akahisi kitu kimepasuka juu ya kisigino. Jovita alimwambia akakandwe kwa mawese ya moto, kama tufanyavyo sote huku. Aliporudi baada ya wiki tano, ilionekana kwamba kano ilikuwa imekatika tangu siku ile. Ibrahim anachechemea mpaka leo.

"Si mawese yalimuchelewesha," husema Jovita. "Ni mimi."

Tangu hapo huuliza maswali manne. Ulisikia mlio ulipoumia? Unaweza kuukanyagia mguu? Kuna ganzi? Ni siku ngapi bila nafuu? Msuli uliovutika kidogo huupa mapumziko, kitambaa cha maji baridi na bandeji, na hukataza kukanda siku za mwanzo. Jibu moja baya linatosha kumpeleka mtu kwa daktari.

Mwaka jana alisimama Magara kununua samaki, akamkuta Mbaraka, mvuta nyavu, amelazwa mchangani, ameumia mguu akivuta kamba ya wavu. Mkewe, Esha, alikuwa tayari ameweka mawese motoni. Mbaraka alisema ni musuli tu, kesho atakuwa majini.

"Ulisikia nini?" aliuliza Jovita.

"Kama kamba imekatika, Mama. Hata niligeuka kuiangalia."

Wenzake walicheka. Jovita alimlaza kifudifudi, akaminya shavu la mguu ulioumia, unyayo haukucheza. Akaminya la mguu mzima, unyayo ukacheza.

"Kamba yenu iko nzima," alisema. "Esha, toa hiyo sufuria."

Aliwapandisha Mbaraka na Esha kwenye pikipiki iliyomleta yeye, wakaenda hospitali. Yeye alirudi kazini kwa miguu, saa moja na nusu, bila samaki. Mbaraka alishonwa kano siku iliyofuata. Baada ya miezi tisa alirudi kuvuta nyavu, na hachechemei.

Habari hiyo ilifika Kizuka. Jumanne iliyopita Ibrahim alikuja kituoni taratibu, kwa mwendo wake ule ule, akiwa na bidoni, dumu la mawese mabichi. Kwa miaka yote hii alikuwa akimpungia Jovita mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Mlangoni kwake hakuwahi kurudi. Aliiweka bidoni mezani.

"Hii ni ya kupika, muganga," alisema. "Si ya kukanda."

Jovita alimvutia kiti. Walikaa mpaka foleni ikaanza kunung'unika, na tulipokusanya vyombo, kikombe cha Jovita kilikuwa kitupu.

Mama Jovita, murakoze, asante sana, kwa kila mguu uliousimamisha. Tunakutakia siku zisizo na haraka, na chai unayoimaliza ingali moto.