Matanga Katika Tovuti ya Cherehani

Pale Kabondo, mbele ya karakana ya Hemedi, kuna benchi moja ambalo serikali haijapata kulitoza ushuru, na huenda ndiyo sababu bado lipo. Mwenye birika la chai ni Mama Kadidja. Wenye maoni ni watatu: Timothée, aitwaye Procureur, yaani mwendesha mashtaka, kwa kuwa aliwahi kubeba mafaili mahakamani, Yunus fundi redio, aitwaye Satellite, na Sadrack, aitwaye Prezida, maana ndiye pekee anayekuja na kiti chake kutoka nyumbani. Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa anacheka. Hemedi, fundi cherehani, alishika simu yake kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na haoni pa kuiweka.

Ofisi moja ya mkoa ilikuwa inatafuta fundi wa kutunza cherehani za vyuo vya ushonaji, kuanzia mjini hadi Isangi. Sharti lake: fundi aonekane katika ukurasa wa kwanza wa Google, na ukurasa huo uchapishwe, kopi tatu, kila moja na mhuri. Mwaka jana Hemedi alikuwa wa kwanza kabisa. Sasa alikuwa ukurasa wa tano, ambako hata yeye mwenyewe alichoka kujitafuta, na faili lingefungwa mwisho wa mwezi.

— Leila ameandika, alisema. Leila ni mpwa wake wa Kinshasa, aliyemtengenezea tovuti.

— Soma, alisema Procureur. Polepole, kama mbele ya hakimu.

Hemedi akasoma: «Tonton, Google inaamini mutu mwenye anasema juu ya kintu moja na anakimaliza. Zamani site yako ilikuwa ya mashine tu. Sasa iko na saluni, kwaya na matanga. Haijue tena weye ni fundi wa nini. Andika juu ya sindano, uzi, mafuta, mukanda, na kila page ionyeshe njia ya ingine. Zenye hazisemi mashine, toa zote.»

Kwaya ilikuwa ya Procureur. Saluni ilikuwa ya mke wa Satellite. Kila mmoja aliomba nafasi kidogo tu, na Hemedi hakujua jinsi ya kumwambia jirani kwamba mahali pasipo na ukuta pamejaa.

— Bon, alisema Procureur. Huyo mutoto hajui sheria. Tuandike barua kwa Google, nakala kwa gavana.

— Tuipeleke wapi, papa? aliuliza Hemedi. Google haina ofisi hapa.

— Ile njo kosa lao la kwanza.

— Barua itafanya nini? alisema Satellite. Hii iko mambo ya courant. Umeme wa Tshopo ukikatika, Google inaona Kabondo yote giza, inasema fundi amekufa. Halafu inasoma site, inakuta matanga. Alors, inahakikisha.

— Donc mubaya ni matanga, alisema Procureur. Kwaya ibaki. Ni kwaya njo inaombea hiyo site.

— Na saluni iko karibu na kushona. Nywele si uzi?

Hapo macho yote yakahamia kwenye kiti cha Sadrack. Matanga yalikuwa tangazo la msiba wa Maman Philomène, mama yake Sadrack. Picha yake iliyokuwa katika tangazo hilo ndiyo pekee iliyobaki. Nyingine zilizama mtoni pamoja na simu ya Sadrack, karibu na Yanonge.

— Hemedi, alisema Sadrack. Weye unataka kufuta mama yangu?

— Prezida, sijasema vile.

— Kidole yako iko fasi gani?

Hemedi akaangalia. Kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

Baiskeli ya abiria ikasimama. Mwanamke akashuka, amekumbatia kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa kitenge.

— Fundi Hemedi njo nani? Mimi Florentine. Mashine yangu inaruka mishono. Nilitafuta sana kwa simu, mpaka nikafika kwa page yako ya sindano.

Hemedi akanyoosha mgongo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Na chini yake nikakuta matanga ya Maman Philomène, aliendelea Florentine. Poleni sana. Nililia, hata. Nilijiuliza tu: alikuwa anashonea mashine ya aina gani?

Procureur akatazama viatu vyake. Satellite akatazama juu, anakotazamia msaada siku zote. Maman Philomène aliuza samaki maisha yake yote, na hata vifungo alishonewa na mwanawe. Hemedi akatafuta jina la mashine, lolote lile. Anayajua yote. Badala yake akapokea kile kichwa cha cherehani.

Birika la Mama Kadidja likakoroma, likatoa tone la mwisho.

Sadrack akainuka, akageuza kiti chake, akakaa akiwa amewapa mgongo.

— Uniprintie mama kwanza, alisema. Kopi moja.

Procureur akafungua mdomo aulize habari ya mhuri. Akaufunga.