Kofi Lililochelewa

Benchi letu liko nje ya duka la Odell, kinyozi wetu, kusini mwa Memphis. Miguu yake mitatu ni mizima na wa nne ni tofali. Kila asubuhi tunakaa hapo na kahawa ya Odell, ambayo haina sifa nyingine zaidi ya kuwa ya moto. Yupo Shemasi, mzee wa kanisa mwenye jibu la kila kitu. Yupo Besi, aliyepiga gitaa la besi miezi miwili mwaka 1966 na mpaka leo hajamaliza kutusimulia. Yupo Hosea, tunayemwita Fagio kwa sababu ujanani alikuwa akifagia studio ya pale kona. Na mimi, mstaafu wa posta. Mwaka huu Fagio amefiwa na mkewe, Verlene, kwa hiyo tunamwachia upande wa benchi wenye miguu mizima.

Ubishi wetu ni mmoja miaka yote. Mwaka 1967, pale studio, ulirekodiwa wimbo wa Taa ya Jikoni, na siku hiyo waliitwa watu wa njiani waingie kupiga makofi, ujira wao soda na mkate wa soseji. Walipiga vizuri mpaka ubeti wa mwisho, ambapo kuna kofi moja linakuja peke yake, wenzake wameshapita. Mtaa ulilipenda hilo kofi kuliko hata mwimbaji. Harusi yoyote ya hapa, wimbo ukifika pale, ukumbi mzima unasubiri, halafu unapiga lile moja, limechelewa vilevile. Anayetangulia tunajua si wa kwetu.

Jumanne iliyopita akaja binti mmoja, Renita, na kaseti mkononi. Alitusalimu kwa adabu, akasema kampuni yao inautoa wimbo huo upya. Mafundi wameshasafisha mikwaruzo, na adhuhuri ile ile wangelifuta lile kofi. Yeye ametumwa aulize tu kama kuna mtu wa enzi hizo mwenye sababu ya kuwazuia.

Fagio aliweka kikombe chini.

— Mwanangu, lile huwezi kulifuta, Shemasi akasema. Si kofi la mtu. Roho alishuka studio, akapiga kwa wakati wake.

— Roho gani anachelewa, Shemasi? Lile ni mtego wa panya, Besi akasema. Pale palikuwa ghala la mahindi. Panya alinasa chini ya piano.

— Panya anaujua ubeti wa mwisho?

— Panya wa Memphis anaujua.

Mimi nina yangu, kwamba mama wa mpiga ngoma aliingia akamnasa mwanawe kibao, na niliieleza kirefu. Shemasi akahamia kwa malaika wanaotumia mkono wa kushoto. Besi akaapa kwamba bendi nzima ilimzika yule panya, na yeye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Renita alikuwa akiandika yote haya. Pale kwenye jeneza kalamu ilisimama.

— Sasa wazee wangu, nikawaambie nini? Panya?

— Kawaambie ni Verlene, Fagio akasema.

Verlene alikuwa hasikii tangu kuzaliwa, na hilo mtaa mzima unalijua. Shemasi alimshika bega kwa upole, kama anavyowashika wafiwa, lakini Fagio alikuwa hajamaliza.

— Alikuja na binamu yake kufuata soda. Mle ndani hakuna aliyejua kwamba hasikii. Alikuwa anatazama mikono ya mpiga ngoma, anapiga naye sawasawa. Ubeti wa mwisho mimi nikachungulia mlangoni na fagio langu. Akaniangalia. Aliporudisha macho, wenzake walishapiga.

— Miaka thelathini, Fagio. Hukutuambia? Besi akauliza.

— Mngemcheka. Nyie si ndio mliliita kofi la mlevi?

Jina hilo nililianzisha mimi, na niliona aibu kubwa. Fagio aliendelea kwa sauti ndogo, akimwambia Renita peke yake. Picha za mkewe anazo, na koti lake bado linaning'inia nyuma ya mlango. Lakini sauti ya kitu chochote alichofanya Verlene hapa duniani haipo popote, ila pale kwenye wimbo.

Renita alifunga daftari.

— Na mwenyewe alijua kwamba alichelewa?

Shemasi alimtazama Besi, Besi akanitazama mimi. Fagio ndiye aliyejibu.

— Angejuaje? Kila harusi, akiwaangalia, wote mnapiga palepale anapopiga yeye.

Renita aliomba redio ya kaseti ya Odell, akaiweka kwenye benchi na kutia kaseti yake. Fagio alilaza kiganja kwenye spika, kama Verlene alivyokuwa akifanya kwenye kila sherehe, akakiacha hapo. Wimbo ukafika ubeti wa mwisho. Tulisubiri, halafu tukapiga. Renita alipiga pamoja nasi, na hakututangulia.

Kisha akaingia ndani kuomba simu. Mlango ulikuwa wazi, tukamsikia akimwambia mtu wa upande wa pili, liacheni. Nilimmiminia Fagio kahawa iliyobaki. Ilikuwa nusu kikombe, na hakuna aliyedai kwamba zamu ya kumalizia birika ilikuwa yake.