Bi Zdravka Aliyezuia Jengo Zima Kuchoma Pilipili Hoho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanda ngazi, kutambaa darini na kugombana na mbwa wa watu, Bi Zdravka Kolarova, fundi mkuu wa mtandao wa majumbani katika tawi letu la Stara Zagora, anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Msijifanye hamumjui: sauti yake ilikuwa ikifika ofisini kabla ya gari lake. Mimi niliyekaa naye gari moja miaka tisa ndiye niliyepewa kazi ya kumwandika, na ameshanionya kwamba nikimpamba sana atanichapa.

Alianza enzi za simu za waya. Bosi wake wa kwanza alimweka mapokezi kwa kuwa aliamini mwanamke hawezi kupanda nguzo. Kufika Krismasi, Zdravka alikuwa juu ya nguzo na bosi yuko chini amemshikia ngazi. Mtandao ulipoingia mjini alirudi darasani na watu wa umri wa wanawe, akafaulu, kisha akawafundisha nusu ya mafundi mnaowaona leo. Kasoro yake ni moja tu, nayo tunaijua sote: hutoa hukumu kabla ya kukagua. "Ruta imekufa!" husema hata hajabisha hodi.

Kwa hiyo sikushangaa alipoihukumu ruta mwanzoni mwa mwezi huu, tulipoitwa kwa Bibi Stamena, ghorofa ya nne, akilalamika kwamba mtandao wake unakatika kila jioni. Bibi huyu alimlea mwenyewe mjukuu wake Radina, na sasa Radina alikuwa anaolewa huko Rosario, Argentina. Moyo wa bibi hauruhusu ndege. Na kwetu bi harusi na bwana harusi huvutana mkate, mwenye kipande kikubwa ndiye atakayetawala nyumba; lakini Radina alikuwa ameapa hatagusa mkate wowote kabla bibi yake hajaubariki kwa mdomo wake mwenyewe, kwa video ya mtandaoni kwenye televisheni, watu wote wakisikia.

"Mwanangu, nimemlea tangu hajajua kufunga viatu," bibi alituambia huku akitulazimisha kula keki. "Nisipomwombea mimi, nani amwombee? Hiyo mashine?"

Zdravka akabadilisha ruta. Asubuhi ile mtandao ukaenda vizuri kabisa, jioni ukakatika. Akabadilisha waya. Asubuhi safi, jioni kimya. Akawasingizia njiwa. Mtandao wa simu nao hapo bondeni haushiki, na harusi ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Bibi alikuwa amekwisha kununua blauzi mpya, akaanza kusema labda Mungu hataki.

Ijumaa gari lilituharibikia, tukafika jioni badala ya asubuhi. Tulikuwa tumesimama ngazini mbele ya sanduku la mtandao la jengo, taa zake zote za kijani zikazimika kwa pamoja. Zdravka akaganda, pua juu.

"Nusa," akaniambia.

"Ninuse nini?"

"Nusa, we mwanamume!"

Pilipili hoho! Jengo zima lilikuwa linanukia pilipili hoho za kuchoma. Ni Septemba, jamani, nani asiyetengeneza lutenitsa, ile rojo ya pilipili hoho ya kuwekea majira ya baridi? Watu wakirudi kutoka kazini kila mmoja huchomeka kichomeo chake cha umeme pale kwenye baraza, na nyaya za jengo lile ni za zamani. Vichomeo kumi na kitu vikiwaka pamoja, umeme unapungua nguvu, sanduku letu linazimika, linawaka, linazimika tena. Tulikuwa tunafika kila asubuhi, wakati hakuna anayechoma! Zdravka alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Na mimi jana nimechoma debe zima!" alisema akijifuta machozi.

Kicheko kikaisha haraka, maana fundi umeme asingepatikana kabla ya Jumatatu. Ilibaki njia moja: kuwaomba watu wa jengo zima wasichome pilipili hoho Jumamosi jioni. Jumamosi! Septemba! Ni afadhali umwombe mtu akuazime meno yake. Lakini Zdravka alibisha kila mlango, na wakakubali kwa kununa, hadi ghorofa ya kwanza kwa Mzee Haralampi, kanali mstaafu mwenye magunia yamejaa hadi bafuni.

"Mama, pilipili zangu zimeshalainika, zitaoza!"

"Zitaoza kwa saa moja, kanali? Umelinda mpaka wa nchi, unashindwa kulinda kapu la mboga?"

"Jeshi usiliguse!"

"Basi zima hicho kitu!"

Akatufungia mlango. Usiku ule Zdravka hakulala, aliniambia mwenyewe.

Jumamosi, saa ilipokaribia, tulikuwa kwa bibi tumeshika roho mkononi. Mlango ukagongwa. Kanali huyo! Amevaa suti, kichomeo kimo kwapani, waya unaburuta sakafuni. "Nimekileta hapa," akasema, "watu wasije wakanisingizia." Nyuma yake wakaja majirani wengine, kila mtu na chake, wakavirundika ukumbini kama jeshi lililosalimu amri. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Radina akatokea kwenye televisheni, mweupe kwa shela, akilia na kucheka. Bibi Stamena akaanza kubariki, lakini mbiombio, maneno yakikanyagana, afya, watoto, uvumilivu, chumvi, yote kwa pumzi moja, kwa maana alishazoea kukatwa katikati. Hatukuelewa kitu, na Radina naye hakuelewa.

Zdravka akapiga magoti kando ya kiti chake, akamshika mkono. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo hivyo.

"Sema polepole, mama. Leo mtandao haukatiki."

Bibi akavuta pumzi, akaanza upya. Alisema neno moja moja, akimtazama mjukuu wake usoni, na huko Rosario watu wote walisimama, maharusi wameushika mkate, mpaka alipomaliza. Zdravka alilia waziwazi, kanali alilia, mimi nililia. Kisha Radina akavuta, akaondoka na karibu mkate wote, na jengo zima likapiga vigelegele.

Dada Zdravka, asante kwa kila ngazi uliyopanda na kila fundi uliyemtengeneza. Tunakuombea afya, safari nzuri, na asubuhi ndefu zisizo na mtu wa kukuita. Tulikupenda sana miaka yote hii na hatukukuambia vya kutosha, kwa hiyo leo tunakuambia hapa, mbele ya wote.