Kasha la Pili la Fundi Elpidius Kahigi (1941–1995)

Wewe unayesoma karatasi hii, ungekubali kutengeneza kwa mikono yako kitu ambacho kikifanya kazi vizuri unakosa shamba, na kikishindwa unalipata? Usijibu haraka. Marehemu alikabiliwa na swali hilo akiwa mgonjwa, mwezi Machi mwaka huu, na wapo waliomjibia kabla hajafungua mdomo. Baadhi yao wamo hapa leo. Wavumilie, maana familia imechoka na haina nguvu ya kusema mambo kwa kuzunguka.

Elpidius Kahigi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941 kijijini Rugu, Karagwe, mtoto wa nne wa Mzee Kahigi na Mama Kampire. Kibanja cha migomba cha baba yake kilikuwa kidogo na kaka zake walikuwa watatu, hivyo yeye hakuachiwa hata mahali pa kuchimba shimo la mgomba mmoja. Alikua akilijua hilo, na hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1954, baba yake alipougua akarudi nyumbani. Mwaka 1958 alipokewa katika karakana ya misheni, akajifunza ufundi bati miaka mitatu. Wenzake walisimulia kwamba ndoo yake ya kwanza aliijaza maji akaiweka juu ya karatasi kavu tangu asubuhi hadi jioni, na kila alipopita aliinama kutazama kama karatasi imelowa. Bruda aliyewafundisha aliwaambia neno moja ambalo marehemu alilishika kama Baba Yetu: kutu huanzia pale bati linapokutana na bati, kwa hiyo hapo pakwe rangi kabla ya kufunga. Mifereji na matangi aliyoyatengeneza tangu mwaka 1961, alipofungua kibanda chake senta ya Kiruruma, mengine yangali yanakinga mvua hadi leo. Ni kwa sababu ya ile rangi.

Tarehe 6 Januari 1968 alifunga ndoa na Xaveria, binti wa Kiruruma. Walijaliwa watoto watatu. Waliishi muda wote katika nyumba ya kupanga nyuma ya kibanda, na Mama Xaveria alilima kwenye mashamba ya kuazima, leo huku, mwaka kesho kule.

Mwaka 1978, vita ilipoanza, watu walikusanyika senta jioni kusikiliza taarifa ya habari, lakini mota ya mashine ya kusaga ilikuwa ikikoroma ndani ya redio. Hapo ndipo marehemu alipofahamiana na Mwalimu Fidele Twagirayezu wa Kibingo, mwalimu wa fizikia ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Mwalimu alimwambia aivalishe redio koti la bati, kisha waya utoke kwenye bati uende ardhini.

"Bati linazuia mvua, Mwalimu," marehemu alimjibu. "Kelele litaizuiaje?"

"Hiyo nayo ni mvua, Fundi. Ila haionekani."

Koti lilitengenezwa, mkoromo ukapungua, watu wakasikia habari za vita. Tangu siku hiyo Mwalimu aliunga mitambo na Fundi aliitengenezea makasha. Walidumu hivyo miaka kumi na saba, wakitaniana na kugombana juu ya matundu ya skrubu.

Sasa tuseme habari ya Mzee Rwegasira, baba mdogo wa marehemu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Dafroza, aliyerudi kwa baba yake ndoa yake ilipovunjika, akamuuguza miaka sita. Mzee alipofariki mwaka 1993, baraza la ukoo lilisema kwamba kibanja hakikai kwa mwanamke. Kama hakuna wosia, kitakwenda kwa mwanamume wa karibu asiye na shamba. Mwanamume huyo alikuwa Elpidius.

Wosia ulikuwepo. Mwaka 1991 mtafiti mmoja alikuja kurekodi masimulizi ya wazee, na Mzee Rwegasira aliyataja mambo ya kibanja chake mbele ya mashine. Lakini kanda ile haikuwa kama kanda zetu. Iliihifadhi sauti kwa tarakimu, na mashine aliyoiacha mtafiti iliungua upande wa kutolea sauti pale mtu mmoja alipoiunga kwenye betri ya gari kinyume. Tarakimu ziliendelea kutoka nyuma yake, ila hapakuwa na kitu cha kuzigeuza kuwa sauti ya mtu. Mwalimu Fidele akasema atakiunda. Aliletewa vipande na mdogo wake aliyekuwa Ulaya, akaviunga mwaka mzima. Kigeuzi chake kilipokamilika kilikuwa dhaifu kama kifaranga: gari la misaada ya wakimbizi lenye redio ya mawasiliano likipita tu, kilikohoa. Kikahitaji kasha.

Dafroza alikwenda Kiruruma mwenyewe kumwomba Fundi.

"Shikamoo kaka. Najua ninachokuomba."

"Marahaba. Na mimi najua," marehemu alisema. "Lete vipimo."

Alitengeneza kasha zuri kupita yote aliyowahi kutengeneza. Alilikunja bila kovu, akalipaka rangi ya kijani ndani na nje, na kingo zote za mfuniko, kama alivyofundishwa. Walilijaribu nyumbani kwa Mwalimu huko Kibingo, ambako hakuna mnara wala mota, sauti ikatoka safi.

Baraza lilikaa Rugu, Jumamosi tarehe 11 Machi 1995. Karibu na uwanja lilikuwapo ghala la misaada ya wakimbizi, lenye mnara wa redio. Mwalimu alibonyeza kitufe. Badala ya Mzee Rwegasira, watu walisikia dereva akifoka redioni: "Lori la unga liko wapi? Nasema lori la unga! Ova!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti: "Rwegasira siku hizi anagawa unga huko aliko!" Mwingine, bila kucheka, akasema, "Fundi anaijua kazi yake. Amelifunga boksi mpaka marehemu hawezi kutoka."

Neno hilo la pili ndilo lililomuumiza Fundi. Alisimama palepale akiwa ameshika mfuniko, na Dafroza akamtazama. Mwenyekiti wa baraza alitoa nafasi ya mwisho: Jumamosi ya mwisho ya mwezi Mei. Baada ya hapo Elpidius ahamie kibanjani.

Wakati huo kifua chake kilikuwa kimeharibika. Miaka thelathini na saba ya moshi wa lehemu na tindikali ilimfanya apumzike mara mbili kutoka kitandani hadi mlangoni. Daktari wa hospitali ya misheni alimkataza kabisa kushika lehemu. Wiki tatu alikaa na lile kasha mapajani. Mwalimu alikuwa akijilaumu, akidhani kosa liko katika kazi yake. Watu wa senta walipita wakimsalimu Fundi kwa heshima mpya, heshima ya mtu anayesubiri kupata shamba, na heshima hiyo ilimkera kuliko matusi.

Siku moja alichukua balbu ya tochi, betri na nyaya mbili. Ncha moja akaigusisha kwenye kasha mahali palipokwanguka rangi, nyingine kwenye mfuniko, napo palipokwanguka. Balbu haikuwaka. Akakwangua ukingo kwa kisu, akafunga tena. Ikawaka. Basi akajua. Mwalimu alikuwa amemwambia bati lote liwe ngozi moja, kelele isipate mwanya. Yeye alikuwa ametia rangi katikati, na rangi haipitishi umeme. Mfuniko ulikaa juu ya kasha kama mgeni. Kosa lilitokana na kazi nzuri, kazi aliyoizoea.

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Angenyamaza, angekuwa na kibanja.

Mama Xaveria alimkuta anakata madebe ya mafuta ya msaada.

"Baba Anatolia, boksi lingine la nini? Mungu ameshaamua."

"Mungu hakupaka ile rangi. Niliipaka mimi."

"Miaka ishirini na saba nalima kwa watu. Nimechoka kuomba mahali pa kupanda maharage."

"Najua, mama."

"Unajua, halafu unakata."

Alikata. Kisha Mama akachochea mkaa wa kupashia chuma cha lehemu. Familia imeona ni haki hili liandikwe, maana watu humsifu Fundi na kumsahau aliyeupepea moto huku akijua unachoma nini.

Marehemu alisukuma baiskeli hadi Kibingo kumpa Mwalimu habari. Safari ya nusu siku ilimchukua siku mbili.

"Rangi, Mwalimu."

"Rangi gani?"

"Niliyopaka. Mfuniko haukugusana na kasha hata mahali pamoja."

Mwalimu alishika kichwa. "Na mimi niliangalia jinsi linavyong'aa tu! Lakini Fundi, unafahamu kwamba tukilirekebisha..."

"Nafahamu. Miguu imenichosha, usinifanye niyarudie."

Kasha la pili lilikuwa baya kwa macho. Lilikuwa na maandishi ya debe la mafuta yaliyogeuka juu chini. Lakini kila kiungo kililehemiwa mwanzo hadi mwisho, kingo za mfuniko zilikwanguliwa zikapakwa lehemu tupu, na ndani palikuwa na ukuta wa bati uliotenga upande wa umeme na upande wa tarakimu. Nyaya ziliingia kupitia vijibomba vya bati, na waya mnene ulitoka kwenda ardhini. Alilehemu dakika tano, akakohoa nusu saa, akalehemu tena.

Tarehe 27 Mei 1995, Rugu, chini ya mnara uleule, Mwalimu alibonyeza kitufe. Mzee Rwegasira aliongea kwa Kinyambo, taratibu, hadi kikohozi chake kikasikika. Alisimulia ng'ombe wa babu yake. Kisha akasema: "Kibanja hiki ni cha Dafroza. Ndiye aliyeninywesha uji. Atakayemwondoa asilie kwenye msiba wangu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akamgeukia marehemu.

"Elpidius, umesikia?"

"Nimesikia vizuri, Mzee. Hata mkwaruzo hakuna."

Alisema hivyo kama fundi.

Baada ya siku ile hakurudi kibandani. Alilazwa hospitalini tarehe 9 Juni, akaomba arudishwe nyumbani tarehe 19. Alifariki Alhamisi tarehe 22 Juni 1995, saa kumi jioni, akiwa na miaka hamsini na mitatu, Mama Xaveria na Mwalimu Fidele wakiwa pembeni yake. Ameacha mjane, Xaveria, watoto Anatolia, Gaspari na Kokuhirwa, wajukuu wanne, kaka zake watatu, na rafiki yake Fidele, ambaye ameomba ahesabiwe na ndugu.

Jioni ile wanaukoo, Dafroza akiwamo, walijadili azikwe wapi, wasielewane. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Kaka zake walisema vibanja vyao vimejaa makaburi. Mmoja alitaja makaburi ya serikali, na Mama Xaveria akafunika uso kwa khanga. Wakaahirisha hadi kesho.

Asubuhi iliyofuata Gaspari, mwanawe aliyerudi kutoka chuo cha ualimu, alitumwa Rugu kuwapa watu taarifa. Akipita kando ya kibanja cha Dafroza alisikia panga. Alimkuta shangazi yake amekunja gauni, amelowa umande hadi magotini, hatua tatu kutoka kaburi la Mzee Rwegasira. Migomba miwili ilikuwa imeshalala chini na mikungu yake mibichi. Alikuwa anaukata wa tatu. Wazee wawili wa baraza walisimama njiani wakimtazama, na mmoja akamuuliza anaharibu chakula kwa sababu gani.

Dafroza hakugeuka. Alipiga panga mara mbili zaidi, mgomba ukaanguka, akapima mahali palipobaki wazi kwa hatua zake, urefu, kisha upana. Ndipo akajibu.

"Mleteni kaka yangu alale hapa. Amechoka."