Kibanio Kilichopandisha Wimbo

Masikio hayana pazia. Bibi mmoja ndani ya treni alikuwa amekaa nyuma ya mama mshonaji aliyepakata gitaa la marehemu mumewe, akasikia yote.

"Kesho binti yetu anaolewa, anataka wimbo wa baba yake," mshonaji alimwambia abiria wa pembeni, mpiga gitaa wa bendi. "Napiga kama alivyonifundisha, ila sauti yake ilikuwa nzito. Mimi huko chini sifiki."

Mpiga gitaa akatoa kibanio mfukoni, akakibana shingoni mwa gitaa, kikakandamiza nyuzi zote. "Vidole usibadilishe, dada. Piga vilevile."

Mshonaji akapiga, akaimba. Wimbo ukapanda wenyewe ukamfuata kooni. Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini mwili ulimsisimka, akasahau hata kufunga mdomo.

Mshonaji akasema, "Huu si wimbo wake tena."

"Ni uleule, umehama chumba tu."

"Yeye hakuhitaji koleo hili."

"Na wewe, dada, huna ndevu zake."

Treni ikasimama. Mshonaji akashuka akiendelea kubisha, na kibanio cha watu hakukitoa.